Paipu ya mashine ya kufua: mpira, stili au ile inayojifunga?

MkaziWaKiamunyi: Hamjambo wanajukwaa. Wikendi hii nataka kubadilisha paipu inayoingiza maji kwenye mashine ya kufua. Iliyopo ni ya mpira na imeanza kuvimba karibu na nati. Dukani wamenionyesha tatu: ya mpira, iliyosukwa kwa nyaya za stili, na ile inayojifunga yenyewe ikivuja, ambayo bei yake iko juu sana. Nichukue ipi?

Section58: Stili. Hakuna mjadala.

Fundi_Mamboleo: Kaka, mbona hujatuambia chochote? Maji yanatoka kwenye tenki au laini ya kaunti moja kwa moja? Tenki liko juu kiasi gani? Kuna pampu? Nauliza kwa sababu kila mita 10 za kimo ni kama baa 1 ya presha. Tenki la juu ya paa la nyumba isiyo na ghorofa halifikishi hata hiyo baa 1, kwa hivyo mpira mzuri utavumilia. Laini ya moja kwa moja ni tofauti. Usiku watu wakifunga mifereji presha hupanda, na paipu dhaifu hupasuka mkiwa mmelala.

MamaLanet: Mimi stili sitaki kuisikia. Nilikuwa nimepanga mtaa wa Free Area, na jirani wa juu alikuwa na hiyo ya kung'aa. Fundi aliyemfungia aliikaza kwa spana kwa nguvu zote, na nati yake ilikuwa ya plastiki. Tukaenda matanga Bungoma, naye jirani akasafiri bila kufunga koki. Nati ikapasuka. Maji yakashuka kwetu kupitia tundu la taa, yakalowesha godoro, unga, vitabu vya watoto na bahasha ya vyeti vyangu vyote. Keateka hakujua stopkoki ya nyumba ile iko wapi, ikabidi afunge jengo zima na wapangaji wote wakae bila maji. Mwenye nyumba akasema hayo ni ya wapangaji, tuelewane wenyewe. Hadi nahama sikulipwa kitu.

Section58: Pole, mama. Lakini hiyo ni nati, si stili.

MamaLanet: Ndiyo maana nasema mtu asinunue kwa kuangalia mng'ao. Stili ni koti tu, ndani bado ni mpira au plastiki.

Fundi_Mamboleo: Mama amesema kweli. Chukua yenye nati za shaba. Pale kwenye mashine, kinachozuia maji ni washa ya mpira iliyo ndani ya nati, kwa hivyo usizungushe tepu nyeupe. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Usisukume mashine hadi ukutani paipu ikakunjika. Ile inayojifunga ni paipu ndani ya paipu: ya ndani ikivuja, vali ya upande wa koki hufunga. Ni nzuri, ila nyingine zikishajifunga mara moja hazifunguki tena, unanunua mpya. Yoyote utakayochukua, watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila baada ya miaka 3 hadi 5 hata kama haijavuja. Na koki ifungwe kila ukimaliza kufua.

Bondeni_Kwetu: Na ile ya kutoa maji machafu? Hiyo haina presha, lakini ikichomoka kwenye bomba mashine itamwaga maji yote sakafuni. Ifunge kwa klipu.

MkaziWaKiamunyi: Asanteni. Niko ghorofa ya pili, tenki liko juu ya paa la jengo. Maji ya kisima nayo huchanganywa humo.

Section58: Kisima? Basi madini ya floraidi yaliyo kwenye maji hayo yatakula paipu yoyote utakayoweka.

Fundi_Mamboleo: Hapana, ndugu yangu. Floraidi ya Bonde la Ufa huharibu meno na mifupa. Paipu haiziharibu. Kwa maji ya kisima ogopa mchanga: safisha kichujio kidogo kilicho pale paipu inapoingia kwenye mashine. Na bado hujasema kama kuna pampu.

MamaLanet: Tukiwa kwa floraidi, mnachuja vipi maji ya kunywa? Mtoto wangu meno yameanza madoa ya kahawia.

Bondeni_Kwetu: Tafuta chujio la mkaa wa mifupa, mama. Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yakipungua ndiyo inazidi kukolea.

MamaLanet: Huo mkaa hubadilishwa baada ya muda gani? Na mnaununua wapi hapa Nakuru?