Ushauri: Mama (67, ana presha) anatolewa nyongo kwa matundu. Ubongo utapata oksijeni ya kutosha?

Binti_Lushoto: Wakuu, habari za jioni. Bimkubwa ana presha ya miaka mingi na sasa ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Jumatano anafanyiwa upasuaji wa matundu. Tumeambiwa tumbo litajazwa gesi ya kabonidayoksaidi na kitanda kitainuliwa upande wa kichwa. Tangu hapo silali. Mama mdogo alipopasuliwa aliamka hajui alipo, siku mbili anaita watu waliokwisha kufa. Niombe mama apasuliwe kwa njia ya zamani?

Mzee_Kigogo: Pole mwanangu. Mimi nilitolewa nyongo kwa matundu manne, kesho yake niko nyumbani. Bega la kulia liliniuma kuliko tumbo, wakasema ni ile gesi. Mungu amfanyie wepesi.

Usingizi_Tabora: Dada, swali lako ni la msingi. Mimi kazi yangu ni usingizi, nakaa pale kichwani pa mgonjwa.

Gesi huingizwa kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki ili mpasuaji apate nafasi ya kuona. Tumbo likijaa, damu inayorudi kwenye moyo hupungua. Kichwa kikiinuliwa hupungua zaidi, presha inashuka. Hapo ndipo tunapokaza macho. Kile kibanio cha kidoleni kinaweza kusoma 99 na ubongo usipate damu ya kutosha, maana kinapima oksijeni ya kidoleni tu. Tena mkanda wa presha uko mkononi, ubongo uko juu yake. Kila sentimita 10 za kupanda hupunguza kama milimita 7 au 8. Wastani wa presha ukiwa 65 mkononi na kichwa kiko juu kwa sentimita 20, ubongoni ni kama 50. Kwa aliyezoea presha ya juu, hiyo ni ndogo mno.

Kabonidayoksaidi yenyewe, ikifyonzwa kwenye damu, hutanua mishipa ya ubongo na damu hupita kwa wingi. Ndiyo maana hatumpumulishi mgonjwa kwa kasi ili kuifukuza yote, kwani ikishuka sana mishipa hubana. Tunaisoma kwenye hewa anayotoa, tunaiweka kati ya 35 na 45.

Kupasua tumbo zima kwa hofu hii sikushauri. Kidonda kikubwa, maumivu, kupumua kwa shida, kulala kitandani siku nyingi: hayo nayo huvuruga akili ya mzee. Mpime presha nyumbani siku tatu, uandike. Peleka na dawa zote anazomeza, maana nyingine huendelea na nyingine husimamishwa. Na habari ya mama mdogo usiifiche.

Kipanga77: Nasikia kuna stika za kubandika kwenye paji la uso, zinasoma oksijeni ya ubongo kwa mwanga. Si aombe hizo?

Usingizi_Tabora: Zipo, hutumika zaidi kwenye upasuaji wa moyo. Kwa kawaida husoma kati ya 60 na 80, na ikishuka kwa moja ya tano kutoka ile ya kabla ya usingizi tunachukua hatua: kupandisha presha, kushusha kichwa, kuongeza oksijeni, kumwomba mpasuaji apunguze gesi. Zikikosekana hospitalini kwenu, hatua hizo bado zipo. Aulize, ila asiahirishe kwa ajili hiyo.

Mama_Pili: Mwangalie kucha! Mama yangu aliingia na piko la harusi ya mjukuu, mashine ikasoma hovyo mpaka wakahamishia sikioni. Na miwani yake ukae nayo wewe, akiamka tu umvalishe, aione sura yako.

Binti_Lushoto: Nimetoka kwa daktari wa usingizi. Nimempa karatasi: 150/90, 155/88, 148/92. Ameibana kwenye faili, juu ameandika kwa wino mwekundu "isishuke sana". Kucha za mama bado zina piko la Idi, nimemwonyesha, kasema watabana sikioni. Miwani ninayo kwenye mkoba. Ni Jumatano saa 2 asubuhi, tuombeeni.