Mbuta mkubwa Mbita: uzi unakatika karibu na ndoana

Swali
Wadau, navua mbuta (sangara) Ziwa Victoria, upande wa Mbita, Kenya. Natumia nailoni ya milimita 0.5 na chambo cha fulu hai (samaki wadogo wa ziwani) kando ya mawe. Mbuta mkubwa akishika, anavuta mara mbili tatu, kisha uzi unarudi mtupu, ncha imekwaruzika kama iliyopigwa msasa. Kosa ni fundo au uzi?

Jibu
Ni uzi. Mbuta hana meno ya kukata, ana vijimeno vidogo tele vinavyosaga, na vifuniko vya matamvua vina makali. Uzi mkuu uache ulivyo, ila mwishoni unga mita moja na nusu ya nailoni ya milimita 1. Waya badala ya nailoni hiyo, wa nini? Unamchosha fulu bure. Kila baada ya samaki, pitisha kidole sentimita 30 za mwisho. Ukihisi ukwaru wowote, kata ufunge upya. Na fundo lilowanishe mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu hupata joto na kudhoofika.

Jibu
Angalia breki ya rili (gurudumu la kuzungushia uzi) pia. Uzi unaohimili kilo 16, breki iachie kwenye kilo 4, upime kwa mizani ya ndoano. Akiruka akitikisa kichwa, shusha ncha ya fimbo papo hapo.

Muulizaji
Asanteni sana. Na chubwi (uzito wa kuzamisha uzi) kunasa kwenye mawe?

Jibu
Lifunge kwa uzi mwembamba wa pembeni. Likinasa, unapoteza chubwi tu. Mbuta aliye chini ya sentimita 50 mrudishe majini, tafadhali.