Mrututu ni kopa moja au kopa mbili? Dogo kanishinda hapa

Mama_Pembejeo: Wakuu habari za jioni, nipo Mlowo, nina kaduka ka pembejeo. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, jana karudi na testi ya kemia, kapewa CuSO4 aandike jina, kaandika kopa(I) salfeti, kakatwa, eti ni kopa(II). Mimi huo mrututu nawapimia watu wa kahawa kila siku lakini mfuko umeandikwa kopa salfeti tu, hiyo mbili siioni. Dogo ananiambia dada, pale chini hakuna kanamba, maana yake zote ni moja, si ndo tunavyovusha valensi, namba ya huyu inakaa chini ya mwenzake? Nikabaki namtolea macho tu.

Mwl_Kihesa: Dada huyo si mjinga, kaisoma kanuni kinyumenyume. Ukivusha kopa 2 na salfeti 2 unapata Cu2(SO4)2, unarahisisha kwa mbili inabaki CuSO4, namba zimeshafutika hapo, sasa yeye anazitafuta zilizokwishaondoka. Aanze na yule asiyebadilika. Salfeti ni 2 hasi siku zote, hapo ipo moja, na mrututu mzima hauna chaji, basi kopa atakuwa nani kama si 2 chanya? Hiyo (II) ni chaji ya ioni moja ya kopa, yaani kopa mmoja mwenye chaji, siyo idadi ya kopa, hapa ndo darasa zima huwa linaanguka.

kijana_uyole: ticha unazunguka mnooo 😂 dogo akariri kopa ni mbili, kaisha

baridi_njombe: Akikariri hivyo Cu2O itamla. Oksijeni 2 hasi, kopa wapo wawili wanagawana, kila mmoja moja, kwa hiyo kopa(I) oksaidi, ile nyekundu. CuO ndo nyeusi, hiyo sasa ni kopa(II). Za kukariri ni kina sodiamu, kalsiamu na aluminiamu maana chaji yao ni ile ile, ndo maana unaandika aluminiamu oksaidi bila namba ya kirumi yoyote. Mnisamehe taipu, baridi la leo vidole havikunjiki

kijana_uyole: haya nimekaa

Mama_Pembejeo: Jamani asanteni. Nimempa Fe2O3, nikamwambia ndo kutu hiyo inayoupa udongo wetu wekundu, kaandika nyuma ya daftari langu la madeni oksijeni 3 mara 2 ni 6, chuma wawili wagawane, 3. Ayani(III) oksaidi! Sasa kaangalia mfuko wa mbolea ya CAN kwenye rafu, anauliza ile amoniamu naitreti ya ndani yake ina naitrojeni sehemu mbili, anazijumlisha?

Mwl_Kihesa: Asiziguse. NH4 ni kundi moja, chanya 1, NO3 nalo kundi moja, hasi 1, wanakaa NH4NO3. Akiniletea N2H4O3 na mimi namkata.