Ushauri: Coaster niliyoigeuza nyumba, itafika Ziwa Natron?

Kipanga wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina Coaster iliyokuwa daladala. Nimeng'oa viti vyote, fundi kaniwekea kitanda cha nne kwa sita, kabati, tangi la maji la lita 100 na jiko la gesi. Maandishi ya "Mbagala – Kariakoo" bado yanasomeka ubavuni jua likipiga, rangi imekataa kuyafunika.

Mwezi wa saba nataka wiki tatu za kaskazini na mke na watoto wawili: Moshi, Mto wa Mbu, Natron, tupande Loliondo, tuingie Serengeti, turudi kwa Ngorongoro. Mama mkwe anadandia hadi Same. Itaweza?

Dereva Mstaafu
Mkuu, hadi Mto wa Mbu ni lami, usiwe na presha. Achana na foleni ya Kibaha, toka na Bagamoyo uibukie Msata. Kuanzia hapo adui yako ni kibao cha 50. Kila kijiji kinacho, na trafiki yuko na tochi yake ya kupima mwendo chini ya mwarobaini.

Kasheshe ni kuelekea Natron. Vumbi la kule ni majivu ya volkano, laini kama unga wa ngano, linafunika mawe na mashimo huoni kitu. Halafu makorongo. Coaster haivuti tairi zote nne, na mkia wake umening'inia mbali nyuma ya tairi. Ukishuka korongo pua inapita, mkia unabaki. Nilimkuta jamaa karibu na Engaruka, bampa ya nyuma imezama mchangani, morani sita wanasukuma, yeye yuko pembeni anapiga picha.

Bi Shamim
Mwenzangu, umesema jiko, nami nikuulize: mkaa je? Tulilala kambi ya Simba, pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,000. Baridi ya Julai pale si ya mtu wa Dar. Shemeji akaingiza jiko la mkaa ndani ya gari, akafunga vioo. Nilimtoa kwa matusi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, mnalala jumla. Chukua mablanketi mazito. Na chakula usiache nje, tembo huja pale kunywa maji kwenye tangi.

Kipanga wa Tabata
Asante dada, mkaa nimefuta. Dereva, kwa hiyo niiache wapi?

Dereva Mstaafu
Iache kambini Mto wa Mbu, kodi Land Cruiser na dereva wa palepale, siku tatu. Uone heroe, na Ol Doinyo Lengai kama magoti yanaruhusu: mita 2,962, mnaanza kupanda usiku wa manane. Beba hela taslimu, njiani kuna mageti ya halmashauri, dai risiti. Loliondo futa. Hifadhini pia gari hulipiwa kwa uzito, na hiyo nyumba yako ina kitanda cha mninga.

Kipanga wa Tabata
Umejuaje ni mninga? Haya, nimekubali. Tatizo jipya: mama mkwe kasikia kuna Land Cruiser, anasema Same hashuki.