Mrejesho: SSD kwenye rekoda ya zamani imekubali
Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama rekoda yangu ya treki 16, ambayo diski yake ya IDE (kiungio cha diski cha kizamani) ilianza kukwaruza katikati ya kurekodi kwaya, inaweza kufungwa SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Inaweza! Nilichukua SSD ya SATA (kiungio kipya zaidi) ya GB 120 na adapta ya kuigeuza IDE. Kubwa zaidi niliiogopa, maana IDE za kizamani hazioni zaidi ya GB 137. Mwanzoni mashine haikuiona kabisa. Kumbe kile kijampa kidogo cha adapta, kiplastiki cha kuchagua diski iwe ya kwanza (masta) au ya pili (slevu), kilikaa kwenye slevu. Nikakihamishia masta, nikafomati humo humo kwenye rekoda, ikasoma. Nyimbo za zamani nilishazihamisha kabla. Jana tumerekodi sauti zote nne, maikrofoni iko karibu na mashine, na ule mvumo wa diski ya zamani haumo tena. Asanteni sana, hasa uliyenikumbusha jampa.