MJADALA: Antigone alimzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme. Nani mkosaji?

Mzee wa Hoja
Wakuu, tujadili hili bila matusi. Mchezo wa Antigone wa Sophocles, ulioigizwa Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo. Kwa asiyeufahamu: Eteocles na Polynices, watoto wa Oedipus aliyekuwa mfalme wa mji wa Thebes huko Ugiriki, wanagombea kiti cha baba yao. Polynices anakimbilia Argos, mji mwingine wa Ugiriki, na kurudi na jeshi la wageni kuuvamia mji wake mwenyewe. Wanauana. Creon anashika ufalme, anamzika Eteocles kwa heshima zote, kisha anapiga mbiu: Polynices aachwe juu ya ardhi aliwe na mbwa na ndege, na atakayemzika apigwe mawe hadi afe. Dada yao Antigone anamzika. Anakamatwa na wala hakani.

Mimi niko upande wa Creon. Yule jamaa alileta jeshi la nchi nyingine lichome nyumba za watu waliomlea. Ukimzika sawasawa na aliyekufa akiutetea mji, utamwambia nini mama ambaye mwanawe ameuawa juu ya ukuta? Serikali ikilegea kwa sababu mhaini ana dada anayelialia, hakuna serikali hapo.

Binti Mshongo
"Dada anayelialia"? Umeusoma kweli huu mchezo au umesimuliwa? Mlinzi mwenyewe anatoa ushahidi. Walinzi waliufagia mchanga wote aliokuwa amemwagiwa marehemu, mwili ukabaki wazi, umeanza kuoza, wakakaa kilimani upande unakotoka upepo ili harufu isiwafikie. Saa za jua kali ikavuma tufani ya vumbi. Ilipotulia wakamwona binti. Alilia alipoona maiti imefunuliwa, nani asingelia? Kisha akabeba vumbi kwa mikono yake mwenyewe na kumimina sadaka mara tatu kutoka kwenye chombo cha shaba. Walipomrukia hakustuka. Mbele ya Creon hakudondosha chozi. Wanaume wote wa mji ule walikuwa wamefunga midomo.

Wakili wa Kijiweni
Tuache machozi. Hoja ni kwamba ile haikuwa sheria. Ilikuwa amri ya mtu mmoja ambaye kiti hakijapata joto. Vita vimeisha usiku, asubuhi ametangaza. Hakuna baraza lililokaa. Wazee wa Thebes aliwaita kuwaarifu, hakuwaita kuwashauri. Antigone anamwambia wazi kwamba tangazo la binadamu haliwezi kuzipiku sheria za miungu zisizoandikwa, ambazo si za leo wala za jana. Kwa hiyo kuliona hili kama "familia dhidi ya sheria" ni kukosea tangu mwanzo.

Mzee wa Hoja
@Binti Mshongo nimeusoma kabla hujazaliwa, usinipime.

@Wakili, hao Waathene waliokaa wakitazama walikuwa na sheria ya aina hiyohiyo. Kwao msaliti hakuzikwa katika ardhi ya Attica, yaani nchi ya Athens. Themistocles, jemadari aliyewaokoa dhidi ya Waajemi kwenye vita vya Salamis, alikufa uhamishoni akiwa na kosa la usaliti, na mwanahistoria Thucydides anaeleza kuwa ndugu zake walidai waliirudisha mifupa yake na kuizika kwa siri, kwa kuwa ilikatazwa. Na hotuba ya Creon ya mwanzoni, ile ya kwamba anayemweka rafiki juu ya nchi yake si kitu, msemaji maarufu Demosthenes aliitumia mahakamani mwaka 343 kabla ya Kristo kama mfano wa maneno ya kizalendo. Hawakumwona Creon kuwa kichaa.

Wakili wa Kijiweni
Sawa, lakini umeruka kitu. Athens walikataza kuzika ndani ya mipaka. Hawakukataza ndugu kumchukua wakamzike nje. Creon aliweka walinzi ili maiti ioze. Hizo ni adhabu mbili tofauti kabisa.

Kijana wa Mwanga
Kwani Creon si ndiye baba yake Antigone? Mzazi anamuuaje mwanawe? Halafu nilisikia Mandela aliwahi kuigiza kama Antigone gerezani.

Binti Mshongo
Creon ni MJOMBA wake. Kaka yake Jocasta, mama yake Antigone. Na Mandela aliigiza Creon kule gereza la Robben Island. Anaeleza kwenye kumbukumbu zake kuwa Creon anaanza kwa maneno ya busara, kisha anageuka mtu asiyesikia wala asiye na huruma.

Na hilo la mjomba msilipite juujuu. Polynices na Eteocles wote ni wapwa wake. Haemon, mwanawe wa kuzaa, ndiye mchumba wa Antigone. Kitu kinachoitwa serikali hapa ni ndugu wa mama aliyekaa sebuleni kwa dada yake akitoa amri juu ya maiti ya mpwa wake.

Chuma cha Reli
Mnamsifia huyu binti lakini mistari yake ya mwisho mnaificha. Creon aliacha adhabu ya mawe akaamuru afungiwe hai pangoni; akipelekwa huko kufa anasema wazi kwamba asingefanya hivyo kwa mume wala kwa mtoto. Mume akifa utaolewa na mwingine, mtoto utazaa mwingine, lakini wazazi wakishakufa kaka hapatikani tena. Haemon yuko tayari kufa kwa ajili yake, na yeye anasema hivyo! Mwanamke wa namna hii ukimpata kama wifi, ndoa yako imekwisha. Mawifi wote ndivyo walivyo, kaka kwanza.

Mama Kisanduku
Chuma cha Reli, mimi ni wifi. Kaka yangu alipougua, mkewe alirudi kwao "kupumzika". Niliyemwogesha ni mimi, niliyekaa naye hospitali ni mimi, na siku ya msiba mwenzangu akaja amevaa miwani na kuuliza hati ya kiwanja iko wapi. Kwa hiyo ukisema "mawifi wote" fikiri kwanza. Mume wangu nampenda. Lakini kaka yangu nilinyonya naye ziwa moja, na siombi radhi kwa hilo.

Chuma cha Reli
Pole kwa msiba, dada. Lakini umenijibu kwa hasira na umethibitisha nilichosema.

Mama Kisanduku
Nimethibitisha nini? Umeoa wewe?

Chuma cha Reli
Nimeoa, nikaachwa, na dada zangu ndio waliochochea. Ndiyo maana najua ninachosema.

Mtu wa Vitabu
Hiyo mistari imewasumbua wengi kabla yenu. Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alitamani mtaalamu mmoja athibitishe kuwa Sophocles hakuiandika. Lakini mwanafalsafa Aristotle anaitaja, na mwanahistoria Herodotus ana kisa kilekile cha mke wa Intaphernes: mfalme Darius wa Uajemi anamwambia achague mmoja wa jamaa zake aokolewe, naye anamchagua kaka.

Mimi swali langu ni Ismene. Yule ni dada wa damu na yuko hai. Mwanzoni aliogopa, kisha akaja mbele ya Creon akataka kufa pamoja na dada yake, na Antigone akamkataa kwa ukali mbele ya watu. Kama hoja ni udugu, mbona ndugu aliyekufa ana thamani kuliko anayepumua? Nani atanijibu hilo?

Mwana wa Nyandarua
Habari ya mume kupatikana mwingine inaniudhi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau kule Kenya, alinyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humohumo gerezani, kaburi lisilo na alama. Wakoloni walimwita gaidi, kama Creon alivyomwita Polynices adui. Mukami, mkewe, aliidai ile mifupa ukoloni ulipokwisha, akaidai chini ya serikali ya Waafrika wenzake, hadi akafariki Mei 2023 bila kuonyeshwa mahali. Hakusema atapata mume mwingine. Mke pia anajua kudai maiti.

Mama Kisanduku
Huyo namvulia kitenge. Lakini ni mmoja.

Mwana wa Nyandarua
Mmoja? Na Wambui Otieno? Mumewe S.M. Otieno, wakili maarufu wa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mke alitaka kumzika shambani kwao Matasia kwa sababu mwenyewe alitamka hivyo akiwa hai. Ukoo wa Umira Kager na kaka wa marehemu wakakataa, lazima azikwe Nyalgunga, kijijini kwao Siaya. Maiti ilikaa miezi mitano huku kesi ikipanda ngazi hadi Mahakama ya Rufani. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga Mei 1987.

Jatelo wa Siaya
Taratibu hapo. Hakuandika wosia kuhusu maziko yake, na mahakama ilisikiliza mashahidi wa pande zote mbili. Mjaluo kuzikwa kwao si ukaidi wa mashemeji. Mnamsifu Antigone kwa kuifuata mila ya wafu dhidi ya mkuu wa nchi, lakini ukoo wa Kenya ukifuata mila yake, tena mbele ya jaji, mnauita ukandamizaji. Amueni mnasimama wapi.

Binti Mshongo
Antigone hakumnyang'anya mjane yeyote maiti. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Jatelo wa Siaya
Polynices alikuwa na mke, Argeia, binti wa mfalme wa Argos. Sophocles hakumpa nafasi jukwaani. Nani alimuuliza yeye anataka mumewe azikwe wapi?

Mzee wa Hoja
Nilifungua mada ya dola, sasa tuko kwenye mashemeji. Turudi. Mimi sijasema kokote kwamba Creon asiambiwe kitu. Haemon alikuja kwa adabu, akamwambia baba mji mzima unanong'ona kwa kumhurumia binti, na mji wa mtu mmoja si mji. Creon akaanza kumtukana mwanawe kuwa mtumwa wa mwanamke. Hapo alikosea. Amri ilikuwa halali, kosa lake ni kuziba masikio.

Wakili wa Kijiweni
Asubuhi ulisema "Creon", nukta. Jioni unasema alikosea. Haya.

Lakini kosa si masikio tu. Nabii Tiresias anamweleza Creon kwamba mbwa na ndege wamebeba vipande vya ile maiti hadi kwenye madhabahu, miungu imeacha kupokea sadaka. Creon anaogopa. Wazee wanamwambia kwa mpangilio: kwanza nenda kamfungue binti pangoni, kisha mzike aliyekufa. Yeye akaanza na maiti. Wakaiosha, wakayachoma mabaki, wakarundika udongo wa kaburi, ndipo wakaelekea pangoni. Antigone alikuwa ameshajinyonga, Haemon akajichoma upanga mbele ya baba yake, na nyumbani mke wa Creon naye akajiua.

Kwa hiyo @Mzee wa Hoja niambie. Amri alikuwa ameshaifuta, hakuna sheria tena ya kuilinda, hakuna mji wa kuutetea. Kwa nini mjomba alimwacha mpwa wake aliye hai akaenda kushughulika na maiti? Na @Mtu wa Vitabu, swali lako la Ismene nimeliona. Ni lilelile.

Chuma cha Reli
Mama Kisanduku, hujanijibu. Yule wifi yako, watoto wa kaka yako anao nani sasa?