Naomba ushauri: fimbo ya kuvulia besi kwenye magugu

Wadau, hamjambo? Niko Nairobi, wikendi huteremka Naivasha kuvua samaki aina ya besi. Samaki hawa hujificha kwenye mafunjo na gugumaji; akishanasa tu anapiga mbizi kwenye mizizi, na fimbo yangu ya futi 6, laini mno, inapinda bure huku yeye akizungusha uzi kwenye mashina.

Nashauriwa ninunue fimbo nzito, yenye ncha ya kurudi upesi, pamoja na uzi wa kusuka unaohimili mvuto wa ratili 50 au 65. Uzi sina shaka nao. Kinachonitatiza ni urefu: kwa mashua ndogo, futi 7 na nusu haitanisumbua? Na fimbo ya kaboni tupu itahimili, ama nitafute iliyochanganywa na fiberiglasi? Bajeti ni shilingi 15,000, tafadhali msinipeleke juu zaidi.